Pwani Si Ua wa Hoteli

Kila mwaka shule zinapofungwa na Desemba inapobisha hodi, neno moja huingia katika nyumba nyingi za bara, nalo ni Mombasa. Hutajwa mezani, hutajwa ndani ya matatu, hutajwa na watoto wanaposhindana kwa fahari za wazazi wao. Wengine husema Diani, wengine Malindi, wengine Watamu. Lakini maana ya wote ni moja, yaani kuteremka pwani kupumzika. Mimi sina ugomvi na safari hiyo. Pumziko ni haki ya mtu aliyefanya kazi, na bahari ni tunu ambayo jirani zetu wa Uganda, Rwanda na Burundi hawakujaliwa kuwa nayo. Ugomvi wangu ni juu ya jinsi safari hiyo inavyopangwa. Nasema kwamba nyumba nyingi huipanga kinyume. Huanza na hoteli, huendelea na hoteli na humaliza na hoteli, na pwani yenyewe huachwa nje ya ukuta. Mtu aliyesafiri hivyo amelipa nauli ya kwenda pwani, lakini pwani hakufika.

Tazama jinsi mpango huo unavyozaliwa. Mkubwa wa nyumba huona picha ya hoteli katika simu yake: bwawa la kuogelea lenye maji ya samawati, mwavuli wa makuti, kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe na kunyunyiziwa maua. Hukumbuka kwamba jirani yake alikwenda mahali kama hapo mwaka uliopita, akamwonyesha picha zake kila mtu amjuaye. Moyo wake humwambia, "Nami si mdogo kuliko yeye." Basi palepale hoteli imekwisha kuchaguliwa. Hakuuliza bahari ikoje mwezi huo. Hakuuliza watoto wangependa kuona nini. Hakuuliza mfuko wake una nini. Aliuliza jambo moja tu: watu watasemaje? Safari iliyoanza kwa swali hilo si pumziko bali ni mashindano, na mshindani hapumziki. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Anayeiga picha ya jirani huona chombo kinachoelea. Haoni deni lililokiunda.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina haya. Tuseme nyumba ina watu 5, na hoteli hutoza shilingi 15,000 kwa chumba kwa usiku mmoja. Watu 5 watahitaji vyumba 2. Kwa usiku 4, vyumba peke yake vimekula shilingi 120,000, na bado hatujataja nauli, wala chakula cha njiani, wala nguo mpya ambazo ati hazina budi kununuliwa kwa ajili ya picha. Mwenye uwezo huo hana lawama kwa kutumia chake. Lakini wako wazazi wanaozipata fedha hizo kwa mkopo, na mkopo hauendi likizo. Desemba hupita upesi; Januari huja na ada ya shule, sare, vitabu na kodi ya nyumba. Mtoto aliyeogelea katika maji ya samawati mwezi wa 12 hurudishwa nyumbani mwezi wa 1 kwa kukosa ada. Je, mtoto huyo alipewa likizo, au aliuziwa likizo kwa bei ya masomo yake?

Lakini tuseme fedha zipo, wala hakuna deni. Kosa bado halijaondoka. Ingia katika ua wa hoteli hiyo uone. Bahari iko hatua chache tu, na watoto wamejazana katika bwawa lililotiwa dawa. Mezani pana viazi vya kukaanga na soseji, vyakula vilevile vinavyouzwa Nairobi, Nakuru na Eldoret. Ilhali nje ya lango yuko mama anayeuza mahamri kwa mbaazi za nazi, na mwenzake anayeuza viazi karai kwa ukwaju. Jioni wachezaji huletwa kuwatumbuiza wageni, na ngoma hukatwa vipande ili isicheleweshe chakula. Mtoto wa bara hurudi kwao akisema kwamba ameona utamaduni wa Wamijikenda, na hajui hata kwamba jina hilo lina maana ya miji tisa, wala hawezi kuitaja mitatu kati ya hiyo. Alichokiona ni kivuli cha kitu, akakichukua kuwa ndicho kitu chenyewe.

Sasa tuitazame bahari, maana bahari ndiyo inayosemekana kuwa sababu ya safari. Mtu anayepanga safari ya bahari bila kuijua bahari ni kama mkulima asiyejua masika huja lini. Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku saa ya kujaa husogea mbele. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, hata pale Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Kati ya nyakati hizo huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Tena ziko pepo mbili zinazopokezana zamu, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi hivi. Kusi huja na majira ya masika na kuitia bahari ukali. Kwa pepo hizo majahazi yalikwenda na kurudi Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi.

Mvuvi wa Shimoni huyajua haya yote bila kufungua kitabu. Lakini ni nani kati ya wanaolipia vyumba huutazama mwezi kabla ya kuchagua siku? Mtoto hufika ufuoni akakuta maji yamekwenda mbali, akanung'unika kwamba ameletwa kutazama mchanga mtupu. Kumbe hiyo ndiyo saa njema ya kutembea pamoja na mwenyeji na kuona viumbe wadogo katika vidimbwi vya mwambani. Siku nyingine huingia majini wakati maji yanapotoka kwa nguvu, na mkondo haumwulizi mtu amelipa hoteli ya nyota ngapi. Katika jambo hili ujinga hulipwa kwa uhai. Swali moja kwa mvuvi mzee lingeokoa zaidi ya mwavuli wote wa makuti.

Zaidi ya hayo, pwani ni kitabu, na wengi hununua jalada wakaacha kurasa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, bado imesimama Mombasa. Waarabu wa Omani waliizingira tangu mwaka 1696 mpaka wakaitwaa mwaka 1698. Si mbali na Watamu, ndani ya msitu, yako magofu ya Gedi, mji wa mawe wenye msikiti, jumba la mtawala, visima na vyoo. Humo vilifukuliwa vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina, ushahidi kwamba watu wa pwani hii walifanya biashara na dunia kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda mwaka 2008, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024. Ni katika nchi ya Wagiriama kwamba Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu wake mwaka 1913 na kuwaapisha wasiutii utawala wa Waingereza. Mwanafunzi hukariri majina haya darasani ili apate alama. Kisha hupelekwa karibu na mahali penyewe, akafungiwa bwawani siku 4, akarudishwa bara hajaona hata jiwe moja. Huyo amedhulumiwa, tena na watu wanaompenda.

Iko na dhuluma ya lugha. Wanafunzi wa bara hutoka jasho juu ya ngeli, methali na mashairi. Huko pwani wako watu ambao Kiswahili kwao ni maziwa ya mama. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya mji uliowakaribisha wajumbe, hakikuchaguliwa. Lakini Kimvita hakikufa. Mji ulipomzaa Muyaka bin Haji, malenga wa karne ya 19, bado una wazee ambao salamu yao tu ni somo. Basi mwanafunzi hufika katika chemchemi hiyo, akamwagiza mhudumu maji kwa Kiingereza! Mhudumu humjibu kwa adabu, kwa kuwa adabu ni kazi yake. Laiti mwanafunzi yule angejua kwamba mtu aliyembebea sinia angeweza kuwa mwalimu wake!

Sitasita kulitaja jina la ugonjwa huu. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa za ufuoni akiwa mtumishi, amevaa kanzu nyeupe na kubeba chano. Leo huingia kwa mlango wa mbele, akakaa mezani kama mgeni mwingine yeyote, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wengine, walipokirithi kiti cha bwana, walilirithi na jicho lake. Humwona mwenyeji wa pwani kuwa ni wa kupika, kupiga ngoma na kufagia mchanga. Huuona ufuo kuwa mali ya hoteli, hata wakashangaa mvuvi anapopita na wavu wake. Na wajue kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, imeihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mchanga ule ni wa mvuvi, ni wa mtoto wa Likoni, na ni wa mtoto wa Kitale aliyekuja kwa gari moshi na shilingi zake chache. Ukuta wa hoteli una haki ya kusimama, lakini hauna haki ya kutufundisha kwamba nchi yetu ni ya wenye vyumba.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema, "Mimi nimechoka. Nimefanya kazi mwaka mzima. Sitaki magofu wala wazee, nataka kulala." Nami namjibu kwamba alale. Lakini usingizi hauhitaji safari ya karibu kilomita 500 kutoka Nairobi. Mwili hupumzika kwa kulala. Akili hupumzika kwa kukutana na jambo jipya. Aliyelala asubuhi na kutembea jioni amepumzika mara mbili. Aliyelala kutwa hurudi kazini na uchovu uleule, tena bila fedha.

Wa pili atasema, "Hoteli huwapa watu wa pwani kazi. Unataka wafe njaa?" Neno hili ni zito, wala silidharau. Mpishi, mtunza bustani na mlinzi wanaitegemea hoteli, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowazuia wageni, wengi wao walirudi makwao mikono mitupu. Sisemi hoteli zifungwe. Nasema fedha zisiishie humo. Mgeni aliyelipia kila kitu mapema, akala humo na kunywa humo, hamwachii chochote muuza madafu, wala mwenye mashua, wala fundi wa vikapu, wala kijana anayewaongoza wageni Gedi. Ukimpenda mwenyeji wako, toka nje ya lango ununue kwake.

Wa tatu atasema, "Watoto hawana sauti katika mambo ya fedha. Mzazi ndiye apangaye." Ni kweli kwamba mzazi ndiye mwenye neno la mwisho, lakini neno la mwisho halina maana ya kuwa neno la pekee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, umempa mtoto haki ya kupumzika na kucheza katika Ibara ya 31, na katika Ibara ya 12 umempa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Na hata kama mkataba usingekuwako, desturi yetu ya kukaa barazani na kushauriana ingetosha. Mtoto aliyeshirikishwa katika hesabu huelewa kwa nini hakununuliwa viatu vipya. Mtoto aliyefichwa hesabu hudhani fedha huota ukutani.

Basi safari ipangwe vipi? Ipangwe nyumbani, na watu wote wa nyumba, wala isipangwe na picha. Kwanza, itengwe ada ya Januari na kufungiwa, kisha kilichobaki ndicho kiitwe fedha za safari, hata kikiwa kidogo. Pili, itazamwe kalenda ya mwezi na ya majira, na iulizwe kama ni lazima iwe Desemba, wakati bei zinapopanda na tikiti za gari moshi la Mombasa, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, zinapokwisha upesi. Likizo ya Agosti nayo ni likizo, japokuwa kusi huwa bado hajatulia. Tatu, yatafutwe malazi yanayolingana na mfuko; wako wenyeji wanaokodisha nyumba zenye jiko, na samaki aliyenunuliwa kwa mvuvi asubuhi na kupikwa na mama na watoto kwa tui la nazi hana aibu mbele ya mpishi yeyote. Nne, kila mtu wa nyumba apewe siku moja ya kuchagua: huyu achague Ngome ya Yesu, yule Gedi, mwingine Kaya Kinondo karibu na Diani, na aliye mdogo kabisa achague kujenga majumba ya mchanga kutwa nzima, maana hiyo nayo ni elimu.

Tano, na hili ni kubwa, watu wafundishwe adabu ya mgeni kabla ya kuondoka. Katika kaya, mgeni huongozwa na wazee na hufuata miiko yao. Katika Mji wa Kale, mtu huvaa nguo za heshima, na haelekezi kamera usoni mwa mtu bila ruhusa. Baharini havunji matumbawe kwa kuyakanyaga, wala hanunui kombe zilizong'olewa zikiwa hai. Matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi. Yaliyosalia hayahitaji adui wa pili mwenye viatu. Na akipanda mashua, aulize kwanza jaketi za kuokolea maisha ziko wapi. Zikikosekana, ashuke, hata kama amekwisha lipa.

Enyi vijana mnaosoma maneno haya, wengi wenu si wenye fedha za nyumba, lakini ni wenye ulimi na adabu. Mazungumzo ya safari yatakapoanza mezani kwenu, msinyamaze, wala msipige kelele. Semeni, "Baba, mama, tunaomba kutoa shauri." Kisha toeni kalamu na karatasi, mwulize ada ni kiasi gani, mwulize mwezi utaandama lini, mwulize ni nani katika ukoo amjuaye mwenyeji wa Mombasa, Kwale au Kilifi. Ikionekana kwamba mwaka huu safari haiwezekani, likubalini jambo hilo bila kununa. Pwani haihami, na fedha zilizowekwa mwaka huu zitawafikisha mwaka ujao. Na ikiwezekana, nendeni mkijua kwamba mnakwenda katika nchi yenu, kwa watu wenu, na kwa lugha mnayoisoma. Mkifika, pigeni hodi kabla ya kupiga picha.